Kombe la Ryder, Houston 1967: Kiini cha kushindwa kwa Uingereza

Mwezi Oktoba mwaka 1967, wachezaji kumi wa gofu waliovaa rangi za Uingereza walikwenda katika jimbo la Texas, Marekani, kuwania Kombe la Ryder. Waliondoka huko wakiwa wameshindwa kwa tofauti ya pointi 15, ambayo haijapata kufikiwa tena katika historia ya shindano hilo. Makala yetu ya historia inatazama sababu za kushindwa huko.

Msikilizaji, Kombe la Ryder lilianza mwaka 1927, likizikutanisha timu za wachezaji wa kulipwa wa Marekani na Uingereza kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1967 zamu ya kuwa mwenyeji iliangukia klabu ya Champions mjini Houston, iliyoanzishwa na wachezaji wawili mashuhuri wa Texas, Jimmy Demaret na Jack Burke. Pointi 32 zilishindaniwa kwa siku tatu, kuanzia tarehe 20 hadi 22. Marekani ilipata 23 na nusu, na Uingereza, iliyojumuisha pia wachezaji wa Ireland, ikaambulia 8 na nusu.

Simulizi inayopendwa zaidi kuhusu kipigo hicho inahusu karamu ya ufunguzi. Nahodha wa Uingereza, Dai Rees, aliwatambulisha wachezaji wake mmoja mmoja, akitaja sifa na ushindi wa kila mtu. Kisha akasimama nahodha wa Marekani, Ben Hogan, mtu wa maneno machache kutoka Fort Worth, aliyeanza utotoni kwa kuwabebea wachezaji mifuko yao katika klabu ya Glen Garden. Yeye aliwasimamisha vijana wake wote kwa pamoja na kusema kwamba hao ndio wachezaji bora wa gofu duniani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na tangu hapo wapo wanaosema kwamba Uingereza ilishindwa usiku ule, kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Wengine huutaja mpira wenyewe. Zama hizo Uingereza ilitumia mpira mdogo wenye kipenyo cha inchi 1.62, nao Wamarekani walizoea mpira wa inchi 1.68. Mpira mdogo hukata upepo vizuri zaidi. Hogan aliamua kwamba timu yake itautumia mpira huo wa wageni. Haukuwa mgeni kwake, kwa kuwa alikuwa ameushinda ubingwa wa Open ya Uingereza huko Carnoustie, Scotland, mwaka 1953. Kwa uamuzi huo, jambo ambalo lingeweza kuwafaa wageni likawa la pande zote mbili.

Hata hivyo, karamu na mpira havitoshi kueleza tofauti ya pointi 15. Jibu linaonekana tukiyatazama majina ya wachezaji. Kati ya Wamarekani kumi wa Hogan, saba walikuwa wamekwisha kutwaa angalau moja ya mataji manne makuu ya gofu: Arnold Palmer, Billy Casper, Julius Boros, Gay Brewer, Gene Littler, Al Geiberger na Bobby Nichols. Katika timu ya Rees hapakuwa na hata mmoja. Aidha Jack Nicklaus, bingwa wa Marekani wa mwaka huo huo, hakuwemo uwanjani, kwani kanuni za uanachama wa chama chao zilikuwa bado hazimruhusu kuichezea timu. Marekani ilishinda namna ile huku mchezaji wake hodari akiwa nje.

Tofauti hiyo ilitokana na maisha ya kila siku ya wachezaji. Mmarekani alishindana karibu kila wiki, mwaka mzima, dhidi ya wapinzani wakali, tena kwa zawadi nono. Wachezaji wengi wa Uingereza walitegemea ajira ya klabu, wakiwafundisha wanachama na kuuza vifaa dukani, na msimu wao wa mashindano ulikuwa mfupi. Siku ya kwanza, wenza wawili walipopokezana kuupiga mpira mmoja, mtindo wa jadi nchini Uingereza, wageni walipata pointi 2 na nusu kati ya 8. Siku ya pili kila mchezaji alipiga mpira wake, na alama bora ya kila jozi ndiyo iliyohesabiwa. Mtindo huo humtunuku mwenye ujasiri wa kushambulia. Wageni walipata nusu pointi tu.

Katika timu hiyo alikuwemo kijana wa miaka 23, Tony Jacklin, ambaye yeye na Dave Thomas walishinda mechi zao zote mbili za siku ya kwanza. Jacklin alikwenda kushindana Marekani na kushinda huko mwaka 1968. Mwaka 1969 akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa Open tangu 1951, na mwaka 1970 akatwaa ubingwa wa Marekani.

Na Afrika Mashariki je? Mwaka huo huo wa 1967, mashindano ya Kenya Open yalifanyika kwa mara ya kwanza, katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi. Wachezaji wa Ulaya walipata huko mahali pengine pa kujinoa. Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya mwaka 1978, na mwaka uliofuata milango ya Kombe la Ryder ilifunguliwa kwa Ulaya nzima, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya mwaka 1986.

Mwaka 1987, Ballesteros na Woosnam walikuwa katika timu ya Ulaya iliyoifunga Marekani pointi 15 kwa 13 huko Muirfield Village, Ohio, mbele ya nahodha wa Marekani, Jack Nicklaus. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Marekani kushindwa katika ardhi yake. Nahodha wa Ulaya alikuwa Tony Jacklin.

Wahenga walinena kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Maneno ya Hogan karamuni yaliuma kwa sababu yalikaribia mno ukweli. Dawa yake ilikuwa kuwapeleka wachezaji kwenye mashindano magumu kila wiki na kupanua uwanja wa kuwachagua, nayo ilichukua miaka 20 kuponya.