Tiba ya Lishe: Chakula Kinachopimwa kama Dawa

Mama wa Matiliku, Kaunti ya Makueni, akimpeleka kliniki mtoto wa miezi sita, huhimizwa kumwanzishia ndengu, kunde, maziwa na mayai. Hiyo ni lishe bora, na ushauri huo unawafaa karibu watoto wote. Lakini wapo wachache ambao ndengu hizo hizo zinaweza kuwaharibia ubongo. Hao ndio wanaohitaji tiba ya lishe.

Istilahi hii haieleweki bila mwenzake, umetaboli, neno lenye asili ya Kigiriki na maana ya mabadiliko. Wengi huuchanganya umetaboli na usagaji wa chakula. Usagaji hufanyika kinywani, tumboni na kwenye utumbo; umetaboli hufanyika ndani ya seli, vimeng'enya vinapogeuza virutubisho kuwa nguvu na mwili. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima, kimeng'enya kimoja huweza kukosekana. Mto ukizibwa, juu hufurika na chini hukauka.

Mfano ni ugonjwa wa fenilketonuria, uliobainishwa na daktari Asbjørn Følling wa Norwe mwaka 1934. Mwili hushindwa kugeuza fenilalanini, asidi amino iliyomo katika protini, kuwa tirosini. Fenilalanini hulimbikizana na kudhuru ubongo. Mwaka 1953, Horst Bickel na wenzake mjini Birmingham walieleza jinsi mtoto alivyopata nafuu kwa chakula kilichopunguzwa fenilalanini.

Mtoto mwenye aina kali huvumilia takriban miligramu 200 hadi 500 za fenilalanini kwa siku. Gramu 100 za ndengu kavu zina zaidi ya miligramu 1,000. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, nao lazima upimwe kwa mizani. Embe na muhogo vina protini kidogo. Hata hivyo, fenilalanini haiondolewi yote, kwa kuwa mtoto hakui bila hiyo. Hupewa kiasi alichopimiwa, na protini iliyobaki huipata katika maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini.

Kwa hiyo tafsiri ya tiba ya lishe kuwa "mwiko" haitoshi. Inakaribia kufaa kwa galaktosemia, ugonjwa mwingine wa umetaboli, ambapo mtoto mchanga huachishwa maziwa yote, hata ya mamake, na kupewa ya soya. Lakini huko pia kuna daktari, vipimo vya damu na mtaalamu wa lishe wa kumfuatilia.

"Mlo maalumu" nao unapotosha zaidi, kwani mtu huudhani ni hiari. Shangazi mwenye mapenzi atamwonjesha mtoto bakuli la isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, akiamini anamtendea wema. Mwambie kuwa chakula cha mtoto huyu ni tiba, na hapo ataelewa: dawa haiongezwi wala kupunguzwa bila mganga. Waandishi, wakalimani na wahudumu wa afya wa jamii, tulishikilie neno hilo tiba. Familia inayolielewa vyema ndiyo itakayoweza kumlinda mtoto wake kila anapoketi kula.