Ukaguzi wa Nyumba za Wazee Katika Marekani



Wengi wetu tumekua tukijua kwamba mzee hutunzwa na wanawe, wala haikutupitikia kwamba ulezi huo ungehitaji mkaguzi. Lakini mahali ulezi unapotolewa kwa malipo na watu wasio wa ukoo, sharti aweko wa kuuliza: mzee huyu amelalaje?

Huko Marekani swali hilo lilichelewa sana. Mwezi wa Novemba 1963 nyumba moja ya wazee karibu na Fitchville, jimbo la Ohio, iliteketea kwa moto, wakafa watu 63. Mwaka 1965 Serikali ikaanzisha mipango ya Medicare na Medicaid, na fedha za umma zikaanza kumiminika katika nyumba za namna hiyo. Wakaguzi walitumwa, ni kweli; ila macho yao yalikuwa zaidi juu ya madaftari, majengo na hesabu ya watumishi. Nyumba iliyokuwa na uwezo wa kutunza ilihesabiwa kuwa inatunza. Mzee mwenye vidonda kwa kulazwa ubavu mmoja siku nyingi hakuulizwa neno.

Walioamsha jambo hilo mahakamani ni wagonjwa wenyewe, na hapo ndipo pa kustahiwa zaidi katika habari hii. Mwaka 1975, katika jimbo la Colorado, waliwashtaki wenye nyumba pamoja na wakuu wa Serikali. Kesi ilikwenda miaka tisa. Mwaka 1984 mahakama ya rufani ilikata kwamba yampasa Waziri kuhakikisha kuwa wagonjwa wanapata utunzaji wenyewe, si ahadi zake katika karatasi.

Sheria mpya ikatoka Desemba 1987. Mkaguzi afike bila kutangulizwa habari, wala isipite miezi 15 bila ukaguzi. Aliyepeleka habari mapema aliweza wakati huo kutozwa faini hata dola 2,000. Wazee wenyewe wasikilizwe. Ikakatazwa pia kumfunga mzee kitini, au kumlevya kwa dawa, ili mtumishi apumzike.

Sheria ilikuwa njema, lakini binadamu hakosi hila. Nyumba iliyotaka kuficha mambo iliweza kuhesabu miezi na kukisia siku, maana mkaguzi alizoea kuja mchana wa siku za kazi. Basi mwaka 1999 majimbo yaliamriwa kwamba katika kila ukaguzi 10, usipungue mmoja uanzao alfajiri, jioni au mwisho wa juma, saa ambazo watumishi ni haba na kengele ya mzee hulia muda mrefu.