Njia ya Mizigo, Abiria wa Mjini: Historia ya Kurefusha Reli ya Nairobi

Treni zinazobeba wafanyakazi wa Nairobi asubuhi na jioni hupita kwenye njia iliyopimwa kabla mji wenyewe haujakuwepo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na tarehe 30 Mei 1899 ikafika kwenye uwanda wa kinamasi ulio maili 327 kutoka pwani. Wahandisi walipapenda mahali hapo kwa sababu za kikazi tu: ardhi ilikuwa tambarare, maji yalikuwa karibu, na mbele yake ulianza mwinuko wa Kikuyu kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Injini zilihitaji pa kupumzika, pa kukarabatiwa na pa kujaza maji kabla ya kuupanda mlima. Makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa mwaka huohuo, na mji ukaota kuzunguka karakana. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901.

Maamuzi ya siku hizo bado yanaibana mipango ya leo. Upana wa reli ulikuwa mita moja. Njia ilikuwa moja, si mbili sambamba. Kuelekea Limuru iliwekewa kona nyingi ili treni ipande polepole bila kushindwa. Vituo navyo viliwekwa palipofaa kupakia mizigo na kupishana kwa treni, maana hapakuwa na wakazi wa kuhudumiwa. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja maelfu ya watu wangehitaji kufika mjini kabla ya saa mbili asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Tawi la kwanza muhimu kutoka Nairobi lilikwenda Thika na kufunguliwa mwaka 1913. Lilihudumia mashamba ya kahawa na mkonge, kisha likasogezwa kaskazini hatua kwa hatua hadi Nanyuki mwaka 1930. Tawi hilo linachepuka Makadara na kupita Dandora, Githurai, Kahawa na Ruiru. Njia nyingine inatoka Makadara kwenda Embakasi Village kupitia Mutindwa, Donholm na Pipeline. Njia kuu inaelekea Athi River upande wa mashariki, na Kibera, Kikuyu na Limuru upande wa magharibi. Kwa hiyo mfupa wa mtandao wote wa treni za mjini ulikuwepo tayari enzi za ukoloni, ingawa ulijengwa kwa ajili ya magunia.

Mji unakua, treni haisogei

Kwa miongo kadhaa Nairobi haikuhitaji treni ya mjini. Wafanyakazi wa reli waliishi jirani na kazi yao, katika nyumba zilizojengwa na shirika lenyewe Muthurwa, Landhies na Makongeni. Utawala wa kikoloni uliwaweka Waafrika wengi Eastlands, umbali wa kutembea au kuendesha baiskeli hadi eneo la viwanda, huku Wazungu wakienda ofisini kwa magari yao. Mabasi yaliyoanza mwaka 1934 yalitosha kwa sehemu iliyobaki.

Vikwazo vya makazi vilipoondoka baada ya uhuru, hesabu ilibadilika haraka. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Mwaka 1979 walikuwa 827,775, na mwaka 1999 wakapita milioni 2.1. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria mjini bila leseni zile zilizohitajika awali. Mitaa mipya ikaanza kujengwa ikifuata barabara, kwa sababu matatu ilifika popote gari lingeweza kupita, wakati treni ilifika pale reli ilipo tu.

Shirika la reli nalo lilikuwa na mtihani wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya reli iliyokuwa ya nchi tatu iligawanywa, na Kenya ikabaki na Shirika la Reli la Kenya. Katika miaka ya 1980 shirika hilo liliendesha treni za wafanyakazi kwenye njia za zamani kwa kutumia mabehewa yaliyokuwepo. Abiria walizipenda kwa nauli nafuu na walizilaumu kwa uchache wake: safari moja au mbili asubuhi, na idadi kama hiyo jioni.

Kwa nini haitoshi kuongeza mabehewa

Uchache huo ulitokana zaidi na umbo la njia kuliko uzembe wa mtu. Kwenye reli moja, treni mbili zinazokutana hupishana kituoni pekee, mahali palipo na njia ya pembeni. Chukua vituo viwili vya kupishania vilivyoachana mwendo wa dakika 15. Treni inayotoka mjini inakishika kipande hicho kwa dakika 15, kisha inayoingia mjini inakishika kwa dakika 15 nyingine. Hata mambo yote yakienda sawa, ni treni mbili tu kwa saa kila upande, na moja ikichelewa, ya upande wa pili inasubiri. Mara nyingi treni ya abiria inayosubiri hivyo hupishana na ya mizigo.

Mwisho wa safari kuna shida ya pili. Treni ya kawaida huvutwa na injini iliyo mbele. Ikifika kituo cha mwisho, injini hukatwa, hupitishwa njia ya pembeni hadi nyuma ya mabehewa, kisha hufungwa tena na breki kukaguliwa. Dakika hizo zinapotea kila mzunguko, na kituo lazima kiwe na nafasi ya kufanyia kazi hiyo. Ndiyo maana mpango wowote wa kurefusha reli ya abiria huanza na maswali yasiyo na mvuto kwa mwanasiasa: treni zitapishana wapi, zitageuzia wapi, na zitalala wapi usiku.

Swali la tatu ni ardhi. Sheria iliiachia reli ukanda wa mita 30 kila upande, lakini kadiri watu walivyokosa pa kuishi, ukanda huo ulijaa vibanda na nyumba. Kibera na Mukuru, milango ilifunguka hatua chache kutoka kwenye mataruma. Githurai, wachuuzi walipanga nyanya na vitunguu juu ya reli yenyewe, na treni ikipiga honi waliondoa bidhaa, wakaipisha, kisha wakapanga upya. Dereva kwenye kipande kama hicho hana budi kwenda mwendo wa pole, hata kama injini yake ina nguvu kiasi gani.

Mwaka 2004 shirika lilitoa notisi ya kuwaondoa waliojenga kando ya reli. Wakazi na mashirika ya kijamii walipinga, na badala ya matingatinga yakaanza mazungumzo. Maafisa wa reli walikwenda Mumbai nchini India kuona jinsi familia zilizoishi kando ya reli ya mji huo zilivyohamishwa kwa makubaliano. Waliporudi, kaya na biashara zilizoathirika ziliorodheshwa, na mpango wa makazi mapya ukaandaliwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ukanda uliotakiwa kuachwa wazi ulipunguzwa. Nyumba na vibanda vipya vikajengwa ukingoni mwake, ukuta ukatenganisha makazi na reli, na madaraja ya waenda kwa miguu yakaunganisha pande mbili. Kazi hiyo ilikula miaka mingi kuliko ujenzi wa kituo chochote cha treni mjini.

Wakati huo uendeshaji ulikuwa umebadilika mikono. Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli za Kenya na Uganda kwa mkataba wa ukodishaji, faida yake kuu ikitarajiwa kutoka kwenye mizigo. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha udhaifu mwingine wa njia moja: waandamanaji walipong'oa reli Kibera mwanzoni mwa 2008, mizigo ya Uganda ilikwama pamoja na abiria wa Nairobi. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017.

Syokimau, mwaka 2012

Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliipa reli ya mjini nafasi mpya. Hatua ya kwanza ilikuwa fupi kwenye ramani lakini kubwa kimpango: tawi la karibu kilomita 2 lilichepushwa kutoka njia kuu ya mashariki hadi Syokimau, katika Kaunti ya Machakos, na kituo kipya kikajengwa hapo. Vituo vya Makadara na Imara Daima vilijengwa katika mpango huohuo. Rais Mwai Kibaki alifungua Syokimau tarehe 13 Novemba 2012. Umbali hadi katikati ya mji ni kama kilomita 16.

Eneo lilichaguliwa kwa sababu mbili. Barabara ya Mombasa ilikuwa na msongamano mkubwa, na Syokimau, Mlolongo na Athi River zilikuwa zikijaa nyumba za watu wanaofanya kazi Nairobi. Kituo kiliwekewa maegesho ili mwenye gari aliache hapo na kupanda treni. Kwa wanaokaa mbali na kituo bila gari, safari ilibaki vipande vitatu: matatu au pikipiki hadi kituoni, treni, kisha miguu kutoka stesheni kuu hadi kazini. Kila kipande kina nauli yake na kusubiri kwake, na abiria hulinganisha jumla hiyo na matatu moja inayomchukua karibu na mlango wake.

Siku nne kabla ya uzinduzi huo, Kibaki alikuwa amefungua barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 31. Barabara hiyo inakaribiana na reli ya Ruiru kwa sehemu kubwa ya safari. Mwaka 2022 ikaja barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikipita Syokimau na kando ya uwanja wa ndege. Reli ya abiria imekuwa ikirefushwa sambamba na barabara zinazopanuliwa kwa kasi zaidi, na wapangaji walilazimika kuingiza ushindani huo katika makadirio yao ya abiria.

Reli mbili zisizolingana

Reli ya kisasa kutoka Mombasa ilizinduliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017. Upana wake ni milimita 1,435, hivyo treni zake haziwezi kuingia kwenye reli ya zamani ya milimita 1,000. Kituo chake cha Nairobi kiliwekwa Syokimau, nje ya mji, na treni ndogo za reli ya zamani zikapewa kazi ya kuwaleta abiria hadi stesheni kuu.

Oktoba 2019 reli hiyo ilirefushwa kuelekea Naivasha, ikiwa na vituo Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu na Suswa. Kwa macho ya ramani, Rongai na Ngong zilikuwa zimepata reli. Kwa mfanyakazi wa mjini haikuwa hivyo: treni ilimzungusha hadi Syokimau, akashuka, akabadilisha treni, ndipo aelekee katikati ya Nairobi. Njia iliyopangwa kwa safari ndefu haikugeuka ya mjini kwa kuwekewa vituo vya ziada.

Mwaka 2020 serikali ilinunua seti 11 za treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Ununuzi huo ulizua maswali kuhusu umri wake, lakini ulikuwa na mantiki ya kiufundi. Reli za Mallorca ni za mita moja kama za Kenya, na kisiwa hicho kilikuwa kimehamia treni za umeme. Seti hizo zina chumba cha dereva kila upande, kwa hiyo zikifika mwisho wa njia dereva anahamia upande wa pili na kuondoka, bila kuzungusha injini.

Mipango inayovuka mipaka ya kaunti

Mpango mkuu wa Nairobi uliokamilika mwaka 2014 kwa msaada wa Japani ulichukua nafasi ya mkakati wa 1973. Tatizo la utekelezaji lilikuwa wazi: Ruiru iko Kiambu, Syokimau iko Machakos, Ngong na Rongai ziko Kajiado, na kila kaunti ilikuwa na serikali yake tangu 2013. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri ya eneo zima, NAMATA, ikijumuisha kaunti hizo pamoja na Nairobi na Murang'a. Sensa ya 2019 ilipoonyesha watu milioni 4.4 Nairobi na wengine milioni 2.4 Kiambu, ilidhihirika kwamba mji wa kazi ni mpana kuliko mji wa kiutawala.

Kuunganisha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kumekuwemo katika mipango tangu enzi ya Syokimau, kupitia upande huo au Embakasi Village. Mradi mwingine ni njia ya mita moja kutoka Riruta hadi Ngong, kama kilomita 12, inayotegemea fedha za ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa kutoka nje tangu 2013. Njia hiyo inajibu moja kwa moja pengo la 2019, kwa kuwa inaingia kwenye reli ya Kikuyu na kuelekea stesheni kuu bila kuzunguka Syokimau.

Hata hivyo treni za Ngong zitatumia kipande kilekile cha Riruta hadi mjini kupitia Kibera, pamoja na treni za Kikuyu na Limuru na mizigo inayobaki kwenye reli ya zamani. Idadi ya treni ambazo Ngong inaweza kupata itaamuliwa na nafasi za kupishana kwenye kipande hicho. Kwa hesabu hiyo, njia za kupishania kati ya Riruta na stesheni kuu ni sehemu ya mradi wa Ngong sawa na kilomita 12 mpya zenyewe.