Shinikizo, Mkazo na Mnyumbuko: Maneno Matatu ya Tiba ya Mapafu

Madhumuni ya makala haya ni kuchungua maneno matatu yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya tiba, nayo ni shinikizo, mkazo na mnyumbuko. Maneno haya hukutana katika habari za mgonjwa mahututi ambaye hawezi tena kuvuta pumzi kwa nguvu zake mwenyewe, akawa anapumuliwa na mashine. Mfasiri aghalabu huyaona yote kuwa jambo moja, akaandika "shinikizo" kila mahali. Tutajaribu kuonyesha kwamba mchanganyiko huo uliwahi kuwapata hata mabingwa wa tiba, na kwamba haukuwa jambo dogo. Mifano ya kuyaeleza maneno yenyewe tutaitafuta katika pwani ya Tanga, kwa kuwa huko zipo kazi mbili zinazotufaa: ya kamba na ya bahari.

Tanga si mgeni wa kuyatafutia mambo mapya maneno. Gazeti la Kiongozi lilitolewa mjini humo tangu 1904 hadi 1916, na katika kurasa zake Kiswahili kilizoezwa kubeba habari ambazo hapo kwanza hakikuwa nazo. Kabla yake ulikuwa umekwisha kuingia mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na zao hilo watu wa pwani walilikuza neno katani, na mashine ya kutenga nyuzi na nyama ya jani wakaiita korona. Hawakungoja kamati.

Basi na tuitazame kamba ya katani. Ikifungwa mzigo, kuna nguvu inayoivuta. Nguvu hiyo ikigawanywa kwa unene wa kamba, twapata mkazo. Kamba nayo hurefuka kidogo. Kamba ya mita 10 ikirefuka kwa sentimita 20, imeongezeka sehemu 2 katika 100 za urefu wake wa asili. Huo ndio mnyumbuko. Hauna kipimo cha mita wala cha kilo, kwa sababu ni ulinganifu tu wa nyongeza na asili. Nyongeza ile ile ya sentimita 20 kwa kamba ya mita 1 ingekuwa sehemu 20 katika 100, na kamba ingekatika zamani.

Pafu nalo ni vivyo hivyo. Asili yake ni ukubwa linaobaki nao mtu akimaliza kutoa pumzi, na nyongeza ni hewa inayoingizwa. Tuseme mapafu mazima yamebakiwa na lita 2 za hewa, kisha mashine ikaongeza nusu lita: mnyumbuko ni robo. Lakini mgonjwa ambaye sehemu kubwa ya mapafu yake imejaa maji, akabakiwa na nusu lita tu iliyo wazi, akipewa hewa ile ile, sehemu hiyo italazimika kuwa mara mbili ya ukubwa wake. Ndiyo maana Gattinoni wa Italia alilifananisha pafu la mtu mzima aliye katika hali hiyo na pafu la mtoto mchanga.

Sasa tuitazame historia. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen lilipatwa na mlipuko wa polio. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliotiwa katika mashine za wakati ule, 27 walikufa. Daktari Bjørn Ibsen alishauri hewa isukumwe moja kwa moja katika koo kwa mfuko wa kubana kwa mkono, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana. Wagonjwa wengi waliokoka. Mashine zilizofuata zikaichukua kazi ya mikono ile.

Baadaye ikaonekana kwamba hewa ile iliyookoa iliweza pia kujeruhi. Madaktari waliliita dhara hilo jeraha la shinikizo, na kwa kuwa jina lilikuwa hilo, macho yao yalielekea kwenye saa ya kupimia shinikizo. Mwaka 1988 Dreyfuss na wenzake, huko Paris, waliwafunga panya kifua na tumbo ili mapafu yasitanuke, kisha wakawapumulia kwa shinikizo kubwa. Mapafu hayakuvimba. Panya wengine walijazwa hewa nyingi pasipo shinikizo hilo, nao mapafu yao yakavimba. Kumbe mdhuru alikuwa ujazo mkubwa unaolinyumbua pafu kupita kiasi. Mwaka 2000 majaribio ya Marekani kwa wagonjwa 861 yalilithibitisha jambo hilo. Waliopewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa kimo walikufa 39.8 katika 100. Waliopewa mililita 6 walikufa 31 katika 100.

Swali lililobaki ni jinsi ya kuupima mnyumbuko kando ya kitanda. Hapa mabaharia watusaidie. Nahodha akikaribia miamba hutia bildi majini apate kujua kina. Altrasaundi ni bildi ya sauti: hutuma mawimbi yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii, kisha hupokea mwangwi wake. Chombo hiki si kigeni katika mkoa wa Tanga. Huko Korogwe, katika utafiti wa malaria ya wajawazito uliofanywa kati ya 2008 na 2010, kilitumika kupimia watoto tumboni, na jedwali la uzito wao likachapishwa mwaka 2012. Lakini hewa hurudisha sauti, na kwa muda mrefu pafu lilihesabiwa kuwa halipimiki kwa njia hiyo. Tangu miaka ya 1990 Lichtenstein, Mfaransa, ameonyesha kwamba mwangwi huo wenyewe una habari: utando unaofunika pafu huonekana ukiteleza, na penye maji hutokea mistari ya kushuka. Watafiti wa siku hizi huzifuata alama ndogo za utando huo, pumzi hata pumzi, wapate kujua umenyumbuka kiasi gani mahali hapo. Kazi hiyo bado ni ya utafiti, nayo huonyesha uso wa pafu tu.

Altrasaundi imebadili hata fasili ya ugonjwa wenyewe. Fasili ya kushindwa kwa mapafu kwa ghafula iliyotolewa mwaka 2012 ilidai picha ya eksirei, kipimo cha gesi katika damu, na mashine ya kupumulia. Watafiti wa Kigali, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, waliweka altrasaundi mahali pa eksirei na kipimo cha kidoleni mahali pa damu, na sharti la mashine wakaliondoa. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa walipatikana 42 wenye ugonjwa huo, na nusu yao walikufa. Kwa fasili ya awali asingehesabiwa hata mmoja. Mwaka 2023 fasili mpya ya kimataifa iliikubali altrasaundi.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Shinikizo litumike kwa nguvu ya hewa ndani ya njia zake, ile isomwayo katika saa ya mashine. Mkazo uwe nguvu inayoubeba mwili wa pafu wenyewe. Na mnyumbuko uwe nyongeza ikilinganishwa na asili. Walimu watakumbuka kwamba mkazo ni istilahi ya sarufi pia, na kwamba mnyumbuko unakaribiana kwa sauti na mnyambuliko wa vitenzi. Lakini muktadha utatenga. Mtanuko usitumike mahali pa mnyumbuko, maana hautaji asili. Altrasaundi ibaki altrasaundi, kwa kuwa wajawazito wa kliniki wamekwisha kuikubali.

Mwuguzi atakayeusoma mwongozo wa mashine kwa Kiswahili ataigusa swichi kwa kufuata neno tulilomwandikia. Akiambiwa shinikizo pekee, ataangalia saa, aione iko sawa, na huku sehemu ndogo ya pafu iliyosalia wazi inanyumbuliwa kupita uwezo wake. Twawaomba wafasiri na walimu wayapime maneno haya katika kazi zao na watupe maoni, kabla miongozo hiyo haijapigwa chapa.