Kitanzi katika Mtandao: Historia ya Itifaki ya Spaningi Trii na Urithi Wake Songea

Historia ya mtandao nchini Tanzania huandikwa zaidi kama historia ya kuwasili. Watafiti hutaja mkongo wa baharini wa SEACOM uliotua Dar es Salaam Julai 2009, kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka huohuo na ambao ulifika hadi makao makuu ya mikoa, Songea ikiwamo. Insha hii inachunguza kinachotokea baada ya kuwasili, ndani ya ofisi, kwenye swichi zinazounganisha kompyuta. Hoja yake kuu ni kwamba Tanzania ilirithi suluhisho la tatizo la kitanzi likiwa limekwisha kufungwa ndani ya vifaa, lakini haikurithi kumbukumbu ya tatizo lenyewe.

Tatizo hilo linatokana na umbile la Itherneti. Pakiti ya itifaki ya intaneti hubeba hesabu inayopungua kila inapovuka ruta, na hesabu hiyo ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Itherneti haina hesabu ya namna hiyo. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili bila kinga yoyote, fremu inayotangazwa kwa wote huzunguka bila kikomo. Kila swichi huinakili na kuitoa tena, mpaka mtandao mzima unazidiwa. Waya wa pili uliowekwa kwa nia njema, ili wa kwanza ukikatika kazi iendelee, ndio unaoangusha mtandao.

Suluhisho lilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani. Katika mpango wake, vifaa vilivyoitwa wakati huo madaraja hupeana ujumbe mfupi, huchagua kimoja kuwa mzizi, na kila kimoja hukokotoa njia yake nafuu ya kuufikia. Njia zinazobaki hufungwa kwa muda. Mtandao wenye vitanzi hugeuka kuwa mti, na njia iliyolazwa huamshwa pale inayotumika inapokatika. Taasisi ya IEEE iliupitisha utaratibu huo kuwa kiwango cha 802.1D mwaka 1990. Sifa yake kubwa ilikuwa kujipanga wenyewe, bila fundi kuuelekeza.

Wakati hayo yakifanyika, Tanzania ilikuwa bado chini ya kivuli cha amri ya mwaka 1974 iliyozuia uingizaji wa kompyuta. Vizuizi hivyo vilipoondolewa na ofisi zikaanza kuunganisha kompyuta zake, spaningi trii ilikuwa tayari imo ndani ya swichi kubwa zilizonunuliwa. Kizazi cha mafundi waliosumbuliwa na vitanzi kabla ya kupatikana kinga hakikuwahi kuwapo nchini. Kwa mantiki hiyo, kilichorithiwa ni kinga isiyoonekana, na kisichoonekana ni rahisi kusahauliwa.

Athari za urithi huo ni tatu. Kwanza, swichi nyingi za bei nafuu, ambazo ofisi ndogo huzimudu, hazina itifaki hiyo kabisa. Mtumishi akichomeka ncha mbili za waya mmoja katika swichi ya aina hiyo, tatizo la kabla ya 1985 hurudi kama lilivyokuwa.

Pili, mzizi usipoteuliwa na mtu, swichi zote huwa na kipaumbele kilekile cha 32768, na ushindi huenda kwa yenye anwani ndogo zaidi ya kiwandani. Mara nyingi hiyo ndiyo swichi kuukuu kuliko zote. Hivyo kifaa kilichochoka kinaweza kubebeshwa mzigo wa ofisi nzima.

Tatu ni suala la muda. Katika kiwango cha awali, poti husubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na mabadiliko ya njia huweza kuchukua hadi sekunde 50. Songea ilitegemea majenereta ya dizeli hadi ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kila umeme unapokatika na kurudi, swichi huanza upya na kusubiri. Mtumiaji asiyejua sababu ya ukimya huo huweza kudhani waya umekufa, akachomeka mwingine. Toleo la haraka la mwaka 2001 lilipunguza sana muda huo, lakini halimsaidii mwenye kifaa cha zamani.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Boston mwezi Novemba 2002. Mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, uliokuwa umepanuliwa kipande kwa kipande hadi ukavuka mipaka ya spaningi trii, ulianguka, na wahudumu wakarudi kwenye karatasi kwa takribani siku 4. Hospitali za umma nchini Tanzania zinapohamishia kumbukumbu za wagonjwa na malipo katika mifumo ya kielektroniki, somo hilo linazihusu moja kwa moja.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba njia ya akiba iondolewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na umuhimu wa akiba ukaonekana wazi. Kinachotakiwa ni akiba inayojulikana: mzizi uteuliwe kwa makusudi, mchoro wa nyaya uhifadhiwe ofisini, na swichi zisizo na kinga zisiwekwe mahali ambapo nyaya mbili zinaweza kukutana. Mpango wa Perlman ulikusudiwa kufanya kazi pasipo fundi. Uzoefu wa miaka iliyofuata unaonyesha kwamba huduma hiyo hudumu pale tu ambapo yupo mtu anayejua kuwa mti upo, na anayejua ni tawi lipi limelala.