Mshtakiwa Bila Wakili: Utetezi katika Mashauri ya Jinai ya Mahakama za Chini, Chamwino na Ugogo, 1929–2021

Utangulizi

Mkazi wa Chamwino anayeshtakiwa kwa wizi mdogo, kwa shambulio au kwa kuharibu mali ya jirani yake, kwa kawaida hukutana na mamlaka ya mahakama kwanza katika Mahakama ya Mwanzo. Humo anaweza kuachiwa huru, kutozwa faini au kupelekwa gerezani. Hata hivyo, kwa miongo mingi mtu huyo hakuruhusiwa kuingia humo na wakili, hata alipokuwa na fedha za kumlipa. Makala haya yanachunguza chimbuko la katazo hilo, sababu za kudumu kwake baada ya ukoloni kuondoka, na njia za kujitetea lililomwachia mshtakiwa.

Wilaya ya Chamwino ilianzishwa mwaka 2007 kwa kuigawa iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Kwa hiyo historia yake ya kimahakama kabla ya mwaka huo haitenganishwi na historia ya Dodoma na Ugogo kwa jumla. Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba katazo la mawakili halikuwa moja lililorithiwa tu kutoka kwa wakoloni, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Yalikuwa makatazo mawili yenye maneno yanayofanana na makusudio tofauti. La mwaka 1929 lililinda mamlaka ya utawala, na la mwaka 1963 lilidai kulinda usawa wa wananchi. Pamoja na tofauti hiyo, yote mawili yalimwacha mshtakiwa maskini asimame peke yake.

Baraza la mtemi na Bwana Shauri

Chini ya siasa ya utawala usio wa moja kwa moja iliyoasisiwa Tanganyika na Gavana Donald Cameron kuanzia mwaka 1925, watemi wa Ugogo walitambuliwa kuwa watawala wa wenyeji na mabaraza yao yakafanywa mahakama. Mvumi, ambayo leo imo ndani ya Wilaya ya Chamwino, ilikuwa makao ya Mtemi Mazengo, mmoja wa watemi mashuhuri zaidi wa enzi hiyo. Mtawala wa namna yake alikusanya kodi, alitoa amri na pia alisikiliza mashauri. Raia aliyeshtakiwa kwa kukaidi amri aliweza kujikuta anahukumiwa na mamlaka ileile iliyoitoa.

Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliupa mpangilio huo nguvu kamili. Iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maofisa wa utawala. Rufaa ilipanda kutoka kwa Bwana Shauri wa wilaya hadi kwa Kamishna wa Jimbo, na hatimaye kwa Gavana. Jaji Mkuu wa wakati huo, Sir Alison Russell, alipinga hatua hiyo, lakini hoja ya Cameron ndiyo iliyoshinda. Mawakili walizuiwa kufika katika mahakama hizo. Mantiki ya katazo ilikuwa ya kiutawala: iwapo kuhukumu ni sehemu ya kutawala, basi anayekuja kuhoji uhalali wa hukumu anahoji utawala wenyewe.

Mpangilio huo haukukosa wakosoaji ndani ya dola ya Kiingereza. Tume iliyoongozwa na H. G. Bushe, iliyoundwa mwaka 1933 kuchunguza uendeshaji wa haki jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilihoji desturi ya kuwategemea maofisa wa utawala wasio na mafunzo ya sheria kusikiliza makosa ya jinai. Magavana walipinga mapendekezo yake. Sheria ya mwaka 1951 ilibadilisha jina, na Mahakama za Wenyeji zikaitwa Mahakama za Mahalia, lakini mlango haukufunguliwa kwa mawakili.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi tukilinganisha na kesi ya mwaka 1958. Julius Nyerere aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wawili wa utawala katika Sauti ya TANU, alitetewa na D. N. Pritt, wakili wa Kiingereza aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Nyerere alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Pamoja na hayo, mashahidi wa serikali walikuwa wamehojiwa hadharani na mtaalamu wa sheria. Mkulima wa Mvumi au Buigiri aliyeshtakiwa mwaka huohuo katika mahakama ya mahalia hakuwa na haki hiyo. Tofauti baina yao haikutokana na fedha peke yake. Ilitokana pia na ngazi ya mahakama ambamo kila mmoja alishtakiwa.

Mwaka 1963: usawa na ukali

Mwaka 1963 madaraka ya kiserikali ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mifumo miwili ya mahakama kuwa mmoja wenye ngazi tatu: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu. Kwa mkazi wa Ugogo haya yalikuwa mageuzi ya kweli. Rufaa yake sasa ilikwenda kwa mahakimu na majaji, si kwa wakuu wa utawala.

Hata hivyo katazo la mawakili lilibaki, na lilirudiwa katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Tukisoma kifungu hicho kwa makini tunaona kwamba kilimzuia wakili na pia mwendesha mashtaka wa serikali. Hapa ndipo makusudio ya baada ya uhuru yanapojitenga na yale ya mwaka 1929. Mahakama ya Mwanzo ilikusudiwa kuwa ya gharama nafuu, iendeshwe kwa Kiswahili, isifungwe na ufundi wa sheria, na isimpe tajiri nafasi ya kununua ufasaha ambao jirani yake hangeweza kuununua. Kando ya hakimu waliketi wazee wa baraza wasiopungua wawili, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1984 uamuzi ulitolewa kwa kura ya walio wengi, hata kuhusu hatia na adhabu.

Mantiki hiyo ina nguvu, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba usawa uliokusudiwa ulikuwa wa ndani ya chumba cha mahakama tu. Mshtakiwa aliyefikishwa mbele ya hakimu akitoka mahabusu alikuwa tayari amepitia mikono ya polisi, nao walijua sheria kuliko yeye. Kumwondoa mwendesha mashtaka siku ya kusikilizwa shauri hakukufuta tofauti hiyo. Ya pili inatokana na kifungu chenyewe. Kiliruhusu ndugu au mtu wa nyumbani amwakilishe mhusika kwa idhini ya mahakama, lakini katika mashauri ya madai pekee. Aliyedaiwa mbuzi aliweza kusemewa na kaka yake, ilhali aliyekabiliwa na kifungo alijisemea mwenyewe.

Kasoro hizo zilikuwa nzito zaidi kwa sababu mwaka uleule wa 1963 ilitungwa Sheria ya Adhabu za Chini, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24 kwa makosa kadhaa, ukiwemo wizi wa ng'ombe. Katika nchi ya wafugaji kama Ugogo, ambako ng'ombe ni mali, mahari na fidia, mgogoro kuhusu umiliki wa mnyama ulikuwa jambo la kawaida, na mpaka kati ya mgogoro huo na wizi haukuwa wazi daima. Kuubainisha mpaka huo ndiyo kazi hasa ya utetezi.

Dodoma na haki ya kikatiba

Sheria ya Msaada wa Kisheria katika Mashauri ya Jinai ya mwaka 1969 iliwezesha mshtakiwa asiye na uwezo kupewa wakili pale mamlaka husika ilipoona kuwa haki inahitaji hivyo. Kivitendo, walionufaika zaidi ni washtakiwa wa mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Katika rufaa ya jinai ya mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba msaada wa kisheria kwa maskini anayekabiliwa na shtaka zito ni haki inayotokana na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na kwamba mahakama ina wajibu wa kumjulisha mshtakiwa haki hiyo. Jaji huyohuyo aliamua mwaka 1994, pia Dodoma, kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka 1995.

Uamuzi wa mwaka 1990 haukufika chini. Kifungu cha 310 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kilitambua haki ya kutetewa na wakili katika kila mahakama ya jinai isipokuwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa mshtakiwa wa Chamwino zilibaki njia mbili: kuomba shauri lihamishiwe mahakama ya juu, au kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Njia zote mbili zilimtaka ajue utaratibu ambao hakuna aliyelazimika kumfundisha, na ya pili ilianza baada ya hukumu kutolewa.

Hitimisho

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wanaoweza kumwelekeza mshtakiwa lakini si kumsimamia mahakamani. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huohuo kifungu cha 33 kikarekebishwa ili mawakili waruhusiwe katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Katazo lililoanza mwaka 1929 lililegezwa baada ya miaka 92.

Mabadiliko hayo hayapaswi kusomwa kama mwisho wa tatizo. Hoja ya usawa iliyotumika mwaka 1963 imerejea kwa sura nyingine: mwenye uwezo sasa anaweza kumleta wakili kutoka Dodoma mjini, na asiye nao bado anajisemea, pengine mbele ya mlalamikaji mwenye wakili. Waliotunga sheria ya mwaka 1963 waliuona ukosefu huo wa usawa na wakauponya kwa kumnyima kila mtu wakili. Njia ya pili, ya kumpatia wakili kila mshtakiwa anayekabiliwa na kifungo, haijawahi kujaribiwa katika ngazi hiyo. Mpaka itakapojaribiwa, mtafiti anayepima haki jinai katika Chamwino hataridhika kuuliza kama sheria inamruhusu mshtakiwa kutetewa. Atapaswa kuuliza pia ni nani aliyesimama kando yake shtaka liliposomwa.