Mbwa wa Mtakatifu Bernard

Kwetu jina la mbwa limekuwa tusi. Walakini wako mbwa waliowaokoa watu na mauti, nasi twataka kuwapa wasomaji wetu habari zao.

Kati ya Uswisi na Italia iko njia ipandayo mlimani hata kadiri ya futi 8,100, na wakati wa baridi theluji huifunika yote. Kadiri ya mwaka 1050, Bernard, mtumishi wa kanisa la Aosta, alianzisha huko juu nyumba ya kuwapokea wasafiri, na watawa wakakaa humo kuwahudumia. Katika karne ya 17 watawa wale walianza kufuga mbwa wakubwa ili wailinde nyumba. Hata baadaye wakaona ya kuwa mbwa hao huijua njia iliyofichwa, tena kwa pua zao humtambua mtu aliyefukiwa na theluji. Basi wakawa wakitoka nao kuwatafuta waliopotea.

Mbwa huyu ana kichwa kipana, midomo inayoning'inia, na manyoya meupe yenye mabaka mekundu. Dume mzima huweza kupita kilo 70. Ni mpole, mtulivu, tena mvumilivu kwa watoto. Lakini kwa kuwa ana nguvu nyingi, yafaa afundishwe angali mdogo. Maisha yake si marefu: wengi hufa wakiwa na miaka 8 hata 10.

Katika karne ya 19 watawa waliwachanganya na mbwa wa Newfoundland wenye manyoya marefu, wakidhani watastahimili baridi zaidi. Kumbe barafu ilishikamana na manyoya yale, mbwa wakalemewa.

Aliyesifiwa kuliko wote ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800. Husemwa ya kuwa aliwaokoa watu zaidi ya 40. Mwaka 1812 alipelekwa mji wa Bern apumzike, akafa huko kwa uzee mwaka 1814. Na ngozi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo hata leo. Wengine husimulia kwamba alibeba kipipa cha pombe shingoni, na kwamba aliuawa na mtu aliyemdhania kuwa mbwa mwitu. Hayo ni hadithi tu. Nasi twauliza: kwa nini kuongeza uongo juu ya sifa njema? Mbwa aliyewatoa watu katika theluji hahitaji mapambo.

Mwaka 1964 njia ya magari ilifunguliwa chini ya mlima, na wasafiri wa miguu wakapungua. Tangu mwaka 2005 mbwa wale wamo mikononi mwa chama maalum katika mji wa Martigny, na baadhi yao hupelekwa kuwatembelea wagonjwa na wazee.

Watawa hawakumdharau mnyama aliyelala mlangoni pao. Walimlisha, wakamfundisha, naye akawa msaada wa wengi. Na sisi tumtazame tena yule alindaye nyumba zetu usiku. Je, leo amepewa hata maji?